Shaba Yetu, Bukari ya Jirani: Kwa Nini Lubumbashi Inategemea Mahindi ya Zambia

Kila mwaka mvua zikishakolea, kati ya Desemba na Machi, swali lilelile linarudi katika masoko ya Kenya, Katuba na Ruashi, mitaa ya Lubumbashi hapa Kongo. Meka ya bunga, yaani kopo la kupimia unga, imepanda tena. Muuzaji anaapa kwamba kosa si lake, malori yamekwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mama aliyekuja kununua anahesabu watoto kichwani, kisha anapunguza kipimo. Halafu mtu pembeni anasema kile ambacho wengi wanakiwaza: inawezekanaje mji uliolala juu ya shaba ushindwe kujipikia bukari, yaani ugali?

Majibu hayakosekani. Wapo wanaosema watu wa hapa wavivu, hawataki jembe. Wengine wanasema udongo umelaaniwa. Wengine wanawalaumu Wazambia kwamba wanatubana makusudi. Na wapo wanaoamini kwamba kampuni za madini zikilazimishwa kulima, mambo yamekwisha. Karibu kila jibu hapo lina punje ya ukweli ndani yake, isipokuwa lile la uvivu. Hilo ni uongo, na ni uongo unaoumiza, kwa sababu unawatwisha wenye njaa kosa la njaa yao.

Tuelewane kwanza kwa maneno matatu. La kwanza ni ziada. Mkulima akivuna magunia kumi na familia yake ikala saba, ziada ni yale matatu. Mji hauli mavuno, mji unakula ziada. Ndiyo maana nchi inaweza kuwa na mamilioni ya wakulima hodari na mji wake ukakosa chakula: ziada ni ndogo, au imeozea kijijini. La pili ni mgongo wa mji, yaani maeneo yanayoubeba mji kwa chakula, maji na makala (makaa ya miti), kama mama anavyombeba mtoto. La tatu ni uchumi wa kisiwa. Hiyo ni shughuli kubwa iliyo ndani ya nchi lakini inayonunua mitambo yake ng'ambo, inauza ng'ambo, na haigusani sana na watu wanaoishi ukutani kwake. Migodi mingi duniani iko hivyo.

Udongo uliooshwa

Lubumbashi iko juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua inanyesha tangu mwisho wa Oktoba hadi Aprili, karibu milimita 1,200 kwa mwaka, halafu unakuja ukavu wa miezi mingi. Mgeni akiiona miti ya miombo imejaa majani anadhani chini yake kuna rutuba tele.

Chukua birika la chai. Mimina maji ya moto juu ya majani mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, bila kubadilisha majani. Mwishoni kinabaki rangi kidogo tu, ladha imekwenda. Udongo wetu umemiminiwa mvua hivyo kwa muda mrefu kuliko akili inavyoweza kuhesabu. Vyakula vya mmea vimeoshwa kwenda chini, vimebaki madini ya chuma yanayoupa wekundu wake, na uchachu. Mahindi hayapatani na uchachu. Bila chokaa na mbolea, mmea unageuka njano mapema na hindi linatoka dogo, limekosa punje nusu.

Sehemu kubwa ya rutuba ya pori hilo imo ndani ya miti yenyewe. Wazee walilijua hilo. Walikata matawi, wakayachoma, wakapanda kwenye majivu, na baada ya misimu michache wakahama ili pori lipumzike miaka mingi. Ni elimu ya kweli, na ililisha vijiji kwa karne nyingi. Lakini inahitaji ardhi pana na watu wachache, na Lubumbashi leo ina watu zaidi ya milioni mbili. Ongeza mbung'o katika mapori mengi ya ukanda huu, ambaye aliwanyima watu ng'ombe. Pasipo ng'ombe hakuna samadi wala jembe la kukokotwa, kwa hiyo familia inalima eneo ambalo mikono yake inalifikia.

Shaba nayo ina ugomvi wake na mimea. Kwenye vilima vyenye madini mengi miti haioti, ni nyasi na maua machache yanayoivumilia sumu hiyo. Mojawapo ni lile ambalo wachunguzi wa madini waliliita ua la shaba: walipoliona kwenye kilima kitupu katikati ya msitu, walijua pa kuchimba. Ardhi yenyewe, kabla ya mzungu wala mashine, ilikuwa imekwisha kupanga kwamba panapotoka shaba shamba halikai.

Walaji wa shaba

Hata hivyo, watu wa zamani waliweza kuviunganisha vitu hivyo viwili. Waliitwa walaji wa shaba. Mvua ikiisha na mtama ukishavunwa, mkuu wa ukoo aliwaita watu waende kilimani. Wanaume walichimba mawe ya kijani, malakiti, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha kwa makala ya miti. Mvua ya kwanza ikikaribia, walizima moto na kurudi shambani. Shaba waliyoipata waliimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitembea kama fedha hadi mbali. Imekutwa ndani ya makaburi ya kale kwenye bonde la Upemba. Mfalme M'siri wa Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Leopold wa Ubelgiji, alijenga nguvu yake kwa biashara hiyo pamoja na pembe za ndovu na watumwa.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo penye ufunguo. Katika kalenda ile, mchimbaji na mkulima walikuwa mtu mmoja, katika miezi tofauti. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani atamlisha anayeyeyusha shaba. Alikuwa amejilisha mwenyewe tangu mavuno.

Viwanda vilivunja kalenda hiyo. Tanuru la kiwanda halizimwi mvua zikianza, linataka mtu usiku na mchana, Januari na Julai. Mtu huyo hawezi tena kulima. Kuanzia siku hiyo, lazima mtu mwingine mahali pengine azalishe ziada kwa ajili yake.

Treni iliyoleta mji

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilianzishwa 1906. Mwaka 1910 reli ilifika, na mwaka huohuo mji ukazaliwa kwa jina la Élisabethville. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa kando ya mto Lubumbashi. Reli hiyo haikutoka Kinshasa wala Matadi. Ilitoka kusini, kupitia Rhodesia, ambayo leo ni Zambia na Zimbabwe. Makaa ya mawe ya tanuru yalitoka Wankie, ambayo ni Hwange ya leo, Zimbabwe. Wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka ng'ambo ya mpaka. Na unga ulikuja kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo tukisema leo "tumeanza kutegemea Zambia", tunakosea hesabu. Mji huu haujawahi kuwa na mwaka ambao haukutazama kusini. Ni kama nyumba iliyojengwa mlango ukielekea barabara kuu, na jikoni hakuna mlango wa kutokea shambani.

Je, haingewezekana kuufungua mlango upande wa ndani ya nchi? Walijaribu. Mwaka 1928 reli ya kampuni ya BCK iliunganisha Katanga, jimbo letu, na Port-Francqui, ambayo ni Ilebo ya leo. Lakini tazama safari yenyewe: treni hadi Ilebo, unashusha mzigo, unaupakia kwenye meli ya mtoni hadi Kinshasa, unashusha tena, unapakia treni nyingine hadi Matadi kwa sababu maporomoko ya maji yanazuia meli. Kila kupakia ni gharama na siku zinazopotea. Mwaka 1931 ikaja njia fupi zaidi, reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola. Shaba ilipata milango mingi. Mihogo ya kijijini haikupata hata mmoja uliotengenezwa kwa ajili yake.

Hata mahindi kupewa ufalme juu ya sahani yetu ni kazi ya treni. Bukari ya zamani ilikuwa ya mtama, ya ulezi, ya muhogo. Lakini muhogo mbichi unaharibika ndani ya siku chache. Mahindi makavu yanakaa guniani miezi, yanapimwa kwa mizani, yanasagwa na mashine moja kwa watu elfu. Kampuni inayolisha kambi nzima inapenda chakula cha namna hiyo. Posho ya kila wiki, unga, maharagwe, chumvi, mafuta, ililea vizazi vya kambini. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilianza pia kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao na watoto, ikawajengea shule na hospitali. Mtoto aliyezaliwa humo alikua akijua kwamba chakula kinatoka kwa mwajiri. Ndipo neno "kazi" hapa kwetu likachukua maana yake ya pekee: kazi ni ile ya mshahara. Kulima hakukuitwa kazi. Sioni uvivu hapo. Naona watu waliofundishwa jambo hilo kwa miaka themanini.

Kwa nini wao wana ziada na sisi hatuna

Ng'ambo ya mpaka kuna shaba ya tabaka lilelile la miamba, Chingola, Kitwe, Ndola. Kaskazini mwa Zambia mvua na udongo vinafanana sana na vya kwetu, uchachu uleule. Basi unga wao unatoka wapi?

Mwingi hautoki kwenye ukanda wa shaba. Unatoka katikati, kusini na mashariki mwa nchi: Mkushi, Chisamba, Mazabuka. Reli iliyokuja kutafuta shaba yetu ilipita kwanza katika baadhi ya maeneo hayo yenye udongo bora zaidi, na wakulima walowezi walijipanga kando yake wakiuzia migodi chakula, wakati Waafrika waliokuwa wakilima hapo wakisukumwa pembeni. Baada ya uhuru wa 1964, serikali ya Zambia iliamua kwamba mahindi ni jambo la dola. Iliweka shirika la kununua mavuno ya wakulima wadogo hata vijiji vya mbali, ikajenga kiwanda cha mbolea Kafue, ikafadhili utafiti wa mbegu. Hadi leo kuna wakala wa hifadhi ya chakula anayenunua kwa bei iliyotangazwa, na mpango wa mbolea na mbegu za bei nafuu. Mambo hayo yamekuwa mzigo mzito kwa hazina yao, na Wazambia wenyewe wanabishana kila mwaka kama yanafaa.

Lakini angalia maana yake kwetu. Ndani ya gunia la unga unalolinunua Katuba kuna mbolea iliyolipiwa kwa sehemu na mlipa kodi wa Lusaka. Ndiyo sababu linashindana vizuri na mahindi ya Mkongomani ambaye amenunua mbolea kwa bei kamili, iliyopita mpaka huohuo. Na ndiyo sababu mavuno yao yakiharibika, serikali yao inazuia unga usitoke. Wao ndio waliolipia, na raia wao ndio watakaowauliza. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, baada ya karibu nusu ya mahindi yaliyopandwa kuharibika. Mvua ilikosekana kwao, na bei ikaruka kwetu. Hakukuwa na haja ya chuki yoyote kuleta matokeo hayo.

Upande wetu hadithi ilikwenda kinyume. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zigawiwe Wazaire, kama Wakongomani walivyoitwa wakati huo. Mashamba mengi yalikwenda kwa watu wenye vyeo ambao hawakujua wala kutaka kulima. Barabara za vijijini ziliachwa. Kila kitu kiliegemea Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya kutaifishwa 1967. Hata jimbo lenyewe tangu 1971 liliitwa Shaba. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, na kila aliyekuwa hapa anajua hiari hiyo ilikuwaje.

Mti ukianguka, waliokaa chini ya kivuli chake hugeukiana. Mwaka 1992 na 1993 watu laki kadhaa wenye asili ya Kasai, ambao mababu wengi wao waliletwa na reli na migodi ileile, walifukuzwa Katanga. Familia zililala wiki nyingi kwenye stesheni za treni, na wengi walikufa njiani, watoto hasa. Nalisema kwa uchungu kwa sababu bado tunazungumza habari hii kama ugomvi wa makabila tu, wakati chini yake kulikuwa na kambi zisizolipwa na sahani tupu.

Migodi imerudi, mbona bei haishuki?

Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Kongo leo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa shaba duniani, zaidi ya tani milioni 2.5 kwa mwaka, mara tano ya siku njema za Gécamines. Kwenye kobalti hatuna mpinzani. Lakini Gécamines ya zamani, pamoja na makosa yake yote, ilikuwa na kambi, hospitali na posho. Mgodi wa sasa unachimba kwa mashine kubwa na watu wachache, unanunua vifaa nje, unapakia shaba kwenye malori yanayoelekea Dar es Salaam au Durban. Ni kisiwa kwa maana kamili. Fedha inayofika mjini inapandisha kodi ya nyumba na bei ya kiwanja kabla haijafika kwenye sufuria ya mtu.

Mfano wa kisiwa unaouma zaidi ni umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikamilika njia ya umeme ya Inga–Shaba, kutoka mabwawa ya Inga kwenye mto Kongo hadi kwetu, kilomita kama 1,700, ili kuilisha migodi. Nyaya zinapita juu ya vijiji vingi, na kwa jinsi umeme wake ulivyo, huwezi kuuchota katikati ya safari bila mtambo wa gharama kubwa. Wakati huohuo sisi mjini tunapika kwa makala, na miombo inarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Mgongo wa mji unachomwa ili chungu kichemke.

Na agizo la kampuni kulima? Wakati Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, kampuni za madini ziliagizwa kulima hekta 500 za mahindi kila moja. Tupige hesabu kwa ukarimu. Tuseme kila hekta inatoa tani nne, na hayo ni mavuno mazuri. Hekta 500 ni tani 2,000. Tuseme mtu mmoja anakula kilo 100 kwa mwaka. Shamba hilo linalisha watu 20,000. Kampuni kumi zikitii bila udanganyifu, ni watu 200,000. Jambo jema, lakini ni mtu mmoja tu kati ya kumi mjini. Tena shamba la kampuni linakufa bei ya shaba ikishuka, kwa sababu halikuzaliwa na hamu ya kulima. Mahindi ya Kaniama-Kasese, yanayolimwa na vijana wa Service National, huduma ya taifa ya serikali, nayo yameleta nafuu kila yalipofika. Neno zito hapo ni "yalipofika". Kaniama iko zaidi ya kilomita 600 kwa reli iliyochakaa. Kasumbalesa haifiki kilomita 100, kwa lami.

Mkulima wa Kongo, awe wa pembeni mwa Lubumbashi, wa Pweto au wa Mitwaba, hashindwi kuotesha mahindi. Anashindwa mwezi wa Mei. Amevuna, ada ya shule inamngoja, hana ghala, na lori likifika ni moja, kwa hiyo anauza kwa bei ya mwenye lori. Desemba inapofika, unga umepanda mara mbili, naye hana gunia la kuuza. Wakati mwingine yeye pia ananunua wa Zambia. Mwaka unaofuata analima kiasi cha kula tu. Hapo ndipo ziada yetu inapofia, katika wiki zile chache za Mei.

Sasa watu wanazungumza habari za Lobito. Tangu 2023 reli hiyo upande wa Angola imekabidhiwa muungano wa kampuni za nje ili shaba ifike Atlantiki haraka. Upande wetu inaingia Dilolo, inapita Kasaji na Mutshatsha hadi Kolwezi. Ni nchi ya muhogo, karanga na asali, yenye mvua ya kutosha. Wanaotusemea bungeni wangeuliza kwa niaba yetu: treni itasimama Kasaji? Ikisimama, itakuta ghala lisilovuja, mizani isiyodanganya, na mnunuzi mwenye franka mkononi mwezi wa Mei?